Vifaranga wa bata na wa kuku kwenye bruda (banda dogo lenye joto la kulelea vifaranga) moja: sahani ipangwe kwa bata, maji yapangwe kwa kuku

Katika kaya nyingi za Rungwe, Kilolo na Njombe, bata na kuku hukutana wakiwa bado ndani ya yai, kwa sababu mayai ya bata huwekwa chini ya kuku anayeatamia. Ukifanya hivyo, hesabu siku kwanza. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21, la bata wa kawaida siku ya 28, na la bata mwenye vinundu vyekundu usoni huchukua kama siku 35. Mayai ya bata yatangulie kwa wiki moja au mbili, kulingana na aina, ndipo ya kuku yaongezwe. La sivyo, mama atainuka na vifaranga wa kwanza na kuacha mayai mengine yapoe.

Wakishatoka wote, wafugaji huniuliza kama wanaweza kula pamoja. Wanaweza kwa wiki mbili tatu za mwanzo, ila chakula kikidhi mahitaji ya bata, na maji yawekwe kwa namna ya kumlinda kuku.

Kwenye nyumba moja karibu na Tukuyu nilimkuta bata wa siku kama kumi, macho maangavu, tumbo limejaa, manyoya ya njano safi. Alikwenda kwenye sahani kwa kujisukuma juu ya vifundo, miguu imepinda kama upinde, huku vifaranga wa kuku wakimruka. Mwenye nyumba alidhani amekanyagwa. Nikaomba kuona chakula: pumba za mahindi, unga kidogo na mashudu ya alizeti. Kuku walikuwa wakijiongezea wadudu uani, bata hawezi kuziba pengo hilo kwa wepesi huo.

Kilichopungua ni niasini, yaani vitamini B3. Kifaranga wa bata anahitaji takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, wakati wa kuku hutosheka na 35 au chini yake. Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje na mwili hauwezi kuitumia. Huku kwetu mahindi ndiyo kila kitu, kwa hiyo miguu ya bata inapinda mbele ya debe lililojaa. Tuliweka unga wa vitamini B mchanganyiko kwenye maji siku ileile, na baada ya siku chache akaanza kusimama. Ukichelewa hadi mshipa wa kifundo uteguke, hapo hakuna dawa. Nakusihi uangalie miguu kila asubuhi unapowafungulia.

Anza na chakula cha vifaranga cha dukani chenye protini ya asilimia 20 hivi. Omba kisicho na dawa ya kuhara damu, kwa kuwa bata hula zaidi ya kuku na hivyo humeza dozi kubwa zaidi. Ongeza usipa wa Ziwa Nyasa waliosagwa, na pumba za ngano. Usipa au dagaa wenye chumvi waoshwe na kukaushwa kwanza, maana chumvi nyingi huua vifaranga. Machicha ya komoni, pombe ya kienyeji, nayo yanafaa, kwa sababu ile hamira iliyochachusha pombe ina niasini. Yakamue, yaanike juani siku hiyohiyo mpaka yakauke kabisa, na yabaki kuwa nyongeza tu. Hamira ya mandazi usiwape, itaendelea kuchachuka tumboni. Soya lazima ikaangwe. Chakula cha kuku wa mayai kiweke mbali kabisa: chokaa yake ni nyingi mno kwa figo za vifaranga.

Kuhusu ukungu sina msamaha. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu ya ukungu, na vifaranga wa bata wakafa pia. Kifaranga wa bata huathirika haraka kiasi kwamba wataalamu walimtumia kwa miaka mingi kupima sumu hiyo. Kwenye wilaya ambazo mvua inaendelea hadi Mei, mahindi yaliyovunwa mabichi na mashudu yaliyolala sakafuni hupata ukungu upesi. Ukinusa uvundo, usiwape hata kidogo.

Sasa maji. Mwangalie bata anavyokula: anachota mdomo mmoja wa unga mkavu, anakimbilia maji, anatumbukiza mdomo mpaka puani, anatikisa kichwa, anarudi. Hafanyi uchafu kwa makusudi. Bila maji ya kuoshea pua, unga mkavu humkaba. Lakini dakika chache baadaye maji yamekuwa uji, maranda yamelowa, na kifaranga wa kuku amelala palepale. Usiku wa Juni kule Makete, kuku aliyelowa hafiki asubuhi.

Chukua beseni pana, funika juu kwa wavu wa chuma, na uweke chombo cha maji juu ya wavu, mbali na sahani ya chakula. Chombo kiwe na mdomo mwembamba na kina cha kufunika pua ya bata, na ndani utie kokoto ili kuku asizame. Maji yanayomwagika yataishia kwenye beseni. Badilisha maranda ya eneo hilo kila siku. Kuogelea kusubiri: kifaranga asiye na mama bata hana mafuta ya kutosha kwenye manyoya, hulowa na kupoa kama kuku tu.

Kuanzia wiki ya tatu bata apunguziwe protini hadi asilimia 16 au 18, maana ikizidi bawa lake hupinda nje. Kuku bado anahitaji ile ya mwanzo. Zaidi ya hapo, bata atakuwa amemzidi uzito na atamkanyaga. Ukiona vifaranga wa kuku wanangoja bata washibe ndipo wasogee, watenganishe. Kwa siku mbili tatu weka wavu tu katikati, waonane na kusikiana, kwani wakitengwa ghafla hulia usiku kucha na kuacha kula.