Difu na ekseli za gari kuukuu: hesabu mizunguko kabla ya kushika spana

Pikapu yangu ilianza kupiga mluzi. Ulikuwa mwembamba, unakuja nikikanyaga mafuta kwenye kilomita 60 kwa saa, nikiachia unanyamaza. Miezi miwili nilijitia kutosikia, naongeza sauti ya redio. Siku niliyofungua tundu la kujazia oili ya difu, lile sanduku la gia kati ya tairi za nyuma, na kuingiza kidole, kilitoka na tope la kijivu linalometameta. Lile lilikuwa chuma cha meno.

Lakini usikimbilie kulaumu difu. Mluzi unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, hao ni krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo ndani ya difu) au beringi za pinioni. Mngurumo usiojali mafuta, unaozidi ukikata kona upande mmoja, hiyo mara nyingi ni beringi ya ekseli, shafti inayotoka difu kwenda kwenye tairi. Na ule mgoto wa "ko!" ukiingiza rivasi unaweza kuwa krosi tu, kiungo cha propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda kwenye difu. Ingia chini, gari likiwa limezimwa na kuwekewa kabari, shika propela kwa mikono miwili uizungushe kushoto na kulia. Ukiona upande mmoja wa krosi unatangulia mwenzake, anzia hapo. Utakuwa umejiokolea siku nzima.

Difu likishathibitika kuwa limekwisha, mimi hutafuta mhimili mzima uliotumika: hausingi (ganda la chuma la nje), difu, ekseli zote mbili, mpaka ngoma za breki. Wapo wanaofunga krauni na pinioni mpya ndani ya hausingi ya zamani, na mkono wa namna hiyo nauheshimu. Ila pale kuna shimu, vile vipande vyembamba vya chuma, za kupanga, beringi za pinioni za kubana kwa kipimo, na uwazi kati ya meno unaopimwa kwa geji ya saa; kwa magari mengi ni kama milimita 0.13 hadi 0.20. Ukikosea kidogo tu, meno mapya yanaanza kulia kabla hujazoea kuyasikia yakinyamaza. Bila vifaa hivyo, nunua mzima.

Na hapa kwenye kununua ndipo kazi hii inapoharibika. Mara ya kwanza muuzaji aliniapia kwamba difu lake ni "lile lile". Nilifunga, nikatoka barabarani, injini ikawa inapiga kelele kama nimesahau gia ya mwisho. Langu lilikuwa la 3.9, yaani pinioni inazunguka mara 3.9 kwa mzunguko mmoja wa krauni; lile lilikuwa la 4.3. Kwa kuwa kebo ya spidi imetoka kwenye giaboksi, nayo ilidanganya: mshale ukisoma 88, mimi niko 80. Nikalitoa tena siku ya pili, mgongo ukiwa bado unauma.

Tangu hapo nahesabu mwenyewe, mhimili ukiwa bado uko chini kwa muuzaji. Mtu mmoja anashika ngoma ya kulia isisogee. Mimi natia alama ya chaki kwenye ngoma ya kushoto na kwenye flanji ya pinioni, pale propela inapofungwa, kisha nazungusha ngoma ya kushoto mizunguko 20 kamili huku nikihesabu flanji. Kwa kuwa ngoma ya kulia imeshikwa, mizunguko hiyo 20 inazungusha krauni mara 10 tu. Flanji ikizunguka mara 39, difu ni la 3.9. Mara 41, ni 4.1. Mara 43, ni 4.3. Muuzaji atakucheka; mwache acheke. Kama ngoma ya kushoto inagoma kuzunguka wakati ya kulia imeshikwa, huenda ni difu la kuzuia kuteleza, nalo linataka oili yenye dawa yake maalumu. Na kama gari lako linavuta magurudumu yote manne, namba ya nyuma lazima ilingane na ya mbele, la sivyo utavunja kitu.

Pima pia upana kutoka uso wa ngoma hadi uso wa ngoma, umbali kati ya vikalio vya springi, na mpangilio wa bolti za tairi. Fungua tundu la oili uchungulie. Oili nyeusi haina neno. Oili ya rangi ya maziwa imeingia maji, na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika ni sababu ya kuondoka.

Siku moja kabla ya kazi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga mhimili kwenye springi), nati za paipu ya breki na bolti za shokapu. Siku yenyewe egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, weka kabari tairi za mbele, legeza nati za tairi za nyuma kabla ya kunyanyua. Stendi ziende chini ya chesi, mbele ya jicho la mbele la springi, maana mhimili ndio unaoondoka. Kisha lisukume gari kwa bega. Kama litatikisika, afadhali litikisike ukiwa nje.

Oili ya zamani kwanza. Fungua tundu la kujazia ndipo ufungue la kumwagia, hata kwenye mhimili ulionunua. Nati ya kujazia ikigoma baada ya kumwaga yote, utabaki na difu kavu usiloweza kulijaza.

Tia alama ya rangi kwenye flanji ya propela na ya difu, fungua bolti zake nne, ifunge propela kwa waya kwenye chesi. Ikiwa ya kwako inachomoka upande wa giaboksi, vika mfuko wa plastiki nyuma ya giaboksi, vinginevyo utaoga oili. Fungua mpira wa breki wa katikati uuzibe, toa kebo za hendibreki, toa shokapu kwa chini. Weka jeki ya magurudumu chini ya difu, mtu mmoja kila upande, ndipo ufungue yubolti. Zikigoma, zikate kwa grenda. Za zamani hazirudi. Kwangu springi zimekaa juu ya mhimili, kwa hiyo unashuka wima. Kama zako ziko chini yake, itabidi ufungue shekeli za nyuma (vishikizo vya springi kwenye chesi), springi zishuke kwanza. Mhimili ni mzito na hupenda kujipindua upande wa pua ya difu, kwa hiyo vidole visiwe katikati.

Mhimili wa zamani ukiwa umeshuka, usiufunge ule ulionunua kabla ya kubadilisha beringi na sili za ekseli. Kwenye aina niliyo nayo, ekseli inashikwa na bamba lenye nati nne nyuma ya ngoma. Unafungua nati, unavuta kwa nyundo ya kuteleza, ekseli inatoka na beringi yake. Pete inayozuia beringi imebanwa kwa nguvu nyingi. Toboa kwa drili nusu ya unene wake, bila kufika kwenye shafti, kisha piga tindo mara moja pale ulipotoboa. Inapasuka kwa mlio mkavu na kulegea. Usiichome kwa gesi; joto linaua ugumu wa shafti, na shafti iliyolainika itakatika siku umebeba mzigo.

Mpangilio wa kurudisha ni bamba, beringi, pete. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kumaliza kubana beringi na pete mpya kwenye presi, nikageuka nikaliona bamba limetulia mezani. Beringi mpya ile ikaishia kwenye chuma chakavu bila kuzunguka hata mara moja.

Sili igonge kwa kipande cha mbao bapa, mdomo wake upake grisi. Unapoingiza ekseli, ibebe uzito wake wote mkononi mpaka meno yaingie difu. Ukiiburuza juu ya sili, meno yanaikata, na wiki ijayo oili iko kwenye shuu za breki.

Kufunga ni kurudi njia ile ile. Hakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayoshika majani ya springi pamoja, kimekaa ndani ya tundu la kikalio. Kaza yubolti mpya kwa mkingamo, kidogo kidogo. Bolti za bushi za springi usizikaze mwisho mpaka gari limesimama kwa tairi zake, ama mpira utabaki umesokotwa. Zibua kile kipumuo kidogo juu ya hausingi, kwa sababu kikiziba, joto linasukuma oili kupitia sili mpya. Toa upepo kwenye breki mpaka pedali iwe ngumu, rekebisha hendibreki.

Jaza oili ya difu, kwa kawaida 80W-90 ya GL-5, mpaka ianze kumwagika kwenye tundu, gari likiwa limekaa sawa.

Endesha taratibu kilomita 20, simama, gusa hausingi karibu na kila tairi. Uvuguvugu ni sawa. Upande mmoja ukiunguza, beringi au breki imebana. Baada ya kilomita 100 hivi rudi na spana kwenye yubolti. Zangu za kushoto zilikubali robo mzunguko, za kulia kidogo zaidi.