Kutunza Drosera Nyumbani, Mmea Ulao Wadudu

Watu wengi wanaopata drosera kwa mara ya kwanza huiua kwa kuitunza kama wanavyotunza mimea yao mingine: huipandikiza kwenye udongo wenye rutuba, huitia mbolea kidogo, huimwagilia maji ya bomba kila asubuhi, kisha hushangaa kuona majani yakigeuka meusi moja baada ya jingine. Mmea huu si mgumu kuutunza, lakini mahitaji yake yanakwenda kinyume na karibu kila kitu ambacho mpenda maua amezoea, na anayelielewa jambo hilo mapema huepukana na hasara nyingi.

Drosera ni mmea mdogo wenye majani yaliyofunikwa na minyiri myembamba, na kwenye ncha ya kila mnyiri hukaa tone la ute linalong'aa kama umande. Jina lake lenyewe limetokana na neno la Kigiriki linalohusu umande, ingawa umande huu haukauki jua likichomoza, kwa kuwa ni gundi inayotengenezwa na mmea wenyewe. Jamii hii ina spishi zaidi ya 200, na nyingi huota katika vinamasi na sehemu chepechepe ambako maji yanayopita kila mara yamekwisha kuuosha udongo na kuuacha bila nitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Drosera hupata virutubisho hivyo kutoka kwa wadudu inaowanasa, na mizizi yake, ambayo ni michache na dhaifu, imezoea maji yasiyo na chumvichumvi yoyote. Ukiipa udongo uliojaa virutubisho, mizizi hiyo huungua.

Kwa anayeanza, ningependekeza Drosera capensis, ambayo asili yake ni eneo la Rasi nchini Afrika Kusini. Huota mwaka mzima bila kuhitaji kipindi cha mapumziko, huvumilia makosa mengi, na huzaa mbegu bila kuhitaji mmea wa pili. Drosera spatulata na Drosera aliciae nazo zinafaa. Spishi za nchi za baridi kama Drosera rotundifolia hujikunja na kuwa tumba dogo wakati wa majira ya baridi, na zisipopata miezi kadhaa ya baridi hudhoofika na hatimaye hufa. Zile za Australia zenye viazi chini ya ardhi hulala wakati wa kiangazi, na kumwagilia kwa bidii wakati huo huozesha viazi. Hizo zote ni nzuri sana kuzitazama, lakini zisubiri mpaka mkono uzoee.

Jambo la kwanza kwa uzito ni maji. Drosera inahitaji maji ya mvua, maji yaliyokenekwa, au maji yaliyochujwa kwa mtambo unaoondoa madini. Maji ya bomba, hata yaliyo salama kabisa kwa kunywa, kwa kawaida hubeba chokaa na chumvi ambazo hujilimbikiza kwenye chungu siku hadi siku, na maji mengi ya chupa yana madini vilevile. Kifaa kidogo cha kupima madini yaliyoyeyuka kinasaidia sana: maji yakisoma chini ya sehemu 50 kwa milioni yanafaa, na yakizidi hapo kwa mbali ni afadhali uipe mimea mingine. Mimi mwenyewe niliwahi kuamini kuwa kuyachemsha maji ya bomba kungeyasafisha, nikafanya hivyo kwa miezi mingi bila kujua kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini sehemu kubwa ya madini hubaki ndani ya maji, tena huzidi kukolea kadiri mvuke unavyotoka. Utando mweupe ulianza kuonekana kwenye mdomo wa chungu, majani mapya yakawa mafupi kuliko ya zamani, na ute ukapungua mpaka majani yakawa makavu kabisa yakiguswa. Nilimimina maji mengi ya mvua juu ya udongo mpaka yakatiririka chini, nikarudia kwa siku kadhaa, na mmea mmoja kati ya mitatu ndio uliopona.

Namna ya kumwagilia ni rahisi. Weka chungu ndani ya kisahani, mimina maji kwenye kisahani mpaka yafikie kina cha sentimita 1 au 2, na yakikaribia kwisha uongeze. Udongo wa drosera hautakiwi kukauka hata siku moja, tofauti na mimea mingine ya chungu ambayo huozeshwa na maji yaliyosimama. Kumimina maji juu ya majani hakuuui mmea, ila huosha ute, na itabidi mmea uutengeneze upya.

Udongo unaofaa ni piti, yaani ule udongo mwepesi wa rangi ya kahawia unaotokana na mimea ya kinamasi iliyooza nusu, uliochanganywa kwa kiasi sawa na perlaiti, yaani vijiwe vyeupe vyepesi vya kulegeza udongo, au mchanga wa silika uliooshwa vizuri. Soma maandishi ya mfuko kwa makini, kwa sababu piti nyingi zinazouzwa zimetiwa mbolea, na hiyo ni sumu kwa drosera. Mchanga wa pwani una chumvi, na ule wa ujenzi mara nyingi una chokaa, kwa hiyo yote miwili iachwe. Tumia chungu cha plastiki chenye matundu chini na kina cha sentimita 10 hivi, kwa kuwa vyungu vya udongo wa kufinyangwa huweza kuachia madini na pia hunyonya chumvi na kuihifadhi.

Baada ya maji unafuata mwanga, na hapa drosera haina haya ya kudai. Dirisha linalopata jua la moja kwa moja kwa saa 4 au zaidi linatosha kwa spishi nilizozitaja. Pasipo na dirisha la namna hiyo, taa ya LED iliyowekwa karibu na mimea na kuwashwa saa 12 hadi 16 kwa siku hufanya kazi hiyo vizuri. Mmea wenyewe utakuambia kama unatosheka. Minyiri ikiwa myekundu na ute ukiwa mwingi, mwanga unatosha. Majani yakirefuka, yakilegea na kubaki ya kijani bila matone, mwanga ni mdogo. Hata hivyo, drosera iliyotoka tu safarini au iliyohamishwa mahali hupoteza ute wake wote, na hilo lisikutie wasiwasi. Isogeze kwenye jua hatua kwa hatua, iache kwa wiki 2 au 3, kisha uyatazame majani mapya, maana yale ya zamani hayatengenezi tena umbo lake. Wengine huifungia drosera ndani ya chupa ya kioo wakidhani haiwezi kuishi bila unyevu mwingi wa hewa, lakini Drosera capensis huzoea hewa ya kawaida ya nyumbani, na chupa iliyofungwa ikiachwa juani huupika mmea.

Kuhusu chakula, drosera iliyo karibu na dirisha lililo wazi hujilisha yenyewe. Mbu au kijinzi akitua, miguu yake hunasa kwenye matone machache, na kila anapojikurupusha hugusa matone mengine na kuzidi kujifunga. Baada ya dakika chache minyiri ya jirani huanza kumwinamia polepole, na katika saa zinazofuata jani la Drosera capensis hujikunja likimzunguka, mfano wa mtu anayekunja kitambaa. Ute humziba pumzi, vimeng'enya huyeyusha sehemu laini za mwili wake, na baada ya siku kadhaa jani hufunguka likiwa na ganda tupu. Charles Darwin, aliyechapisha utafiti wake kuhusu mimea hii mwaka 1875, aligundua kwamba matone ya maji yakianguka juu ya minyiri hayaifanyi iiname, ilhali kipande kidogo mno cha unywele huweza kuiinamisha. Ndiyo maana mvua haiisumbui drosera kwa kazi bure.

Kama ndani ya nyumba hamna wadudu, unaweza kuilisha mara moja kila baada ya wiki 2 au 3. Chukua mabuu makavu yanayouzwa kama chakula cha samaki, yaloweke kwa matone machache ya maji safi, kisha kwa kibanio au kijiti cha meno weka kipande kidogo katikati ya jani moja au mawili. Kipande kikiwa kikubwa kuliko theluthi ya jani, kitaota ukungu kabla ya kumeng'enywa na jani litaoza pamoja nacho. Nyama, jibini na mabaki ya mezani hayafai hata kidogo. Drosera ikikosa wadudu haifi kwa njaa, kwani hujitengenezea sukari kwa jua kama mimea mingine. Hukua taratibu tu.

Majani ya chini kukauka na kuwa meusi ni jambo la kawaida, mradi katikati panatoka majani mapya. Yakate kwa mkasi. Majani machanga yakitoka yamejipinda na hayana ute, yachunguze kwa karibu, kwa kuwa vidukari hupenda kujificha hapo. Dawa rahisi ni kuuzamisha mmea mzima, pamoja na chungu chake, ndani ya maji safi kwa siku 1 au 2.

Baada ya mwaka mmoja au miwili piti huwa imeoza na kushikamana, hivyo badilisha udongo wote. Wakati huohuo unaweza kuzalisha mimea mipya: kata jani lenye afya, lielee ndani ya kikombe cha maji yaliyokenekwa mahali penye mwanga, na baada ya wiki kadhaa utaona vichipukizi vidogo vikitokeza kwenye jani lenyewe. Vipande vya mizizi vilivyofunikwa kidogo kwa udongo huchipua pia. Mbegu, ambazo ni ndogo kama vumbi, hunyunyizwa juu ya udongo uliolowa bila kufukiwa, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Usipotaka mimea zaidi, kata bua la maua kabla halijakauka, la sivyo mbegu zitamwagika zenyewe, na miezi michache baadaye utakuta drosera changa zimeota ndani ya kila chungu chenye unyevu kilichokuwa jirani.