Neno gumu la Kiingereza lisome kwa Kiingereza chenyewe

Ukitaka Kiingereza chako kipande ngazi, kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iweke kando kidogo. Chukua kamusi ya wanaojifunza lugha, ile inayoeleza Kiingereza kwa Kiingereza chepesi. Ile ya Longman, tangu toleo la kwanza la 1978, hufafanua maneno kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu, kwa hiyo hutahangaika kutafuta maana ya maana.

Tazama "mitigate". Kamusi ya lugha mbili itakupa "punguza", nawe utaandika "mitigate the price", kisha mwalimu apige mstari mwekundu. Ufafanuzi wa Kiingereza unakwambia kinachopunguzwa ni ukali wa jambo baya: hatari, hasara, athari za ukame. Bei ina "reduce" yake.

Ukishasoma, funga kamusi, andika ufafanuzi huo upya kwa maneno yako, halafu tunga sentensi kuhusu jambo unalolijua, la kazini au la shambani. Usinakili mfano wa kamusi, hautakaa kichwani. Maneno matatu kwa siku yanatosha kabisa. Zile orodha za maneno mia zinazosambazwa WhatsApp, mimi huzipita tu.