Kabla hujalipia uwanja wa tenisi, pima wavu

Wana Tanga mnaohamia Dar na raketi zenu, msikimbilie uanachama. Gymkhana, klabu ya michezo ya hapo Dar, kuna viwanja, lakini ulizia kwanza masharti ya mgeni. Halafu piga stori na waokota mipira. Hao ndio wanaojua uwanja upi una nyufa na nani anatafuta mwenza wa kucheza naye. Ukifika, kagua wavu katikati: simamisha raketi moja wima, juu yake weka kichwa cha nyingine kwa upana. Hapo ni kama sentimita 91, kimo kinachotakiwa. Ukikuta umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, hata sakafu usiitegemee. Jua la saa nane waachieni wenyewe, nendeni alfajiri.