Jinsi ya kutengeneza sabuni laini ya uso nyumbani, kwa sisi tunaonawa maji ya chumvi Dodoma

Mbukwenyi wadau. Mdogo wangu alikuja kukaa kwangu hapa Nkuhungu mwezi wa kumi akitokea Tanga, kaja kuanza masomo UDOM, na haikupita wiki mbili uso ukawa umepauka kuzunguka mdomo, pembeni ya pua kuna vigamba, akinawa tu ngozi inavuta mpaka kucheka ni shida. Akawa ananiambia dada maji yenu haya yananichubua. Mi nimeishi Dodoma miaka mingi nshazoea, ila maneno yake yalinifanya nikae chini nifikirie vizuri maana hata mimi napauka kila mwaka kuanzia mwezi wa sita upepo ukianza, nlikuwa naona ni kawaida ya huku tu.

Kabla hujanunua kitu chochote fanya hili jaribio, ndo lilinifungua macho. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, moja weka maji ya kisima au ya bomba unayonawia kila siku, nyingine weka maji ya kunywa ya dukani, zote mpaka nusu. Kwangua sabuni ya mche kidogo, kama kijiko cha chai kila chupa, funga, tikisa kwa nguvu. Ya maji ya dukani inatoa povu linasimama mpaka shingoni. Ya maji yetu ya kisima inageuka kama maziwa yaliyochujwa, povu kiduchu, alafu ukiiacha itulie unaona vipande vyeupe vyeupe vinaelea na duara la utando limeganda kwenye ukuta wa chupa, ukiligusa kwa kidole linateleza kama nta. Huo utando ndo unabaki usoni kwako kila ukinawa. Maji ya namna hii ndo yanaitwa maji magumu, yana kalsiamu na magnesiamu, zikikutana na sabuni ya kawaida zinashikana na mafuta yaliyotengenezewa sabuni na kuwa uchafu usioyeyuka.

Na hata maji yangekuwa laini, sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha tindikali na alikali, 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alikali) ya 9 mpaka 10 wakati uso wako uko kwenye 5 hivi, una tindikali kidogo ambayo ndo inalinda ngozi. Ukinawa na sabuni hiyo unaivuruga, ngozi inahitaji masaa kujirudisha, na kabla haijarudi wewe umeshanawa tena kwa sababu vumbi la huku halina huruma. Ongeza hewa kavu, maana sisi mvua ni Desemba mpaka Aprili, miezi mingine yote hewa inakunyonya maji. Kwa hiyo ule mvuto usoni ambao watu wanauita usafi, mi naomba tuache kuuita hivyo, ule ni uso uliochubuliwa mafuta yake yote.

Sasa kuna njia mbili, moja haina maji ndani yake na nyingine ina maji, na huo utofauti ndo kila kitu kwenye kazi hii. Kitu kikavu au cha mafuta matupu kinakaa muda mrefu bila kuoza, ila ukishatia maji, iwe ya kawaida, ya waridi, ya mchele, juisi ya alovera, umewatengenezea bakteria na fangasi makazi. Mwanzoni sikujua. Nilisaga alovera ya uani, nikachanganya na asali na sabuni kidogo, nikaweka kwenye chupa nzuri, mwezi wa kumi na moja na joto lile, siku ya nane nafungua naona vidoa vyeusi chini ya mfuniko na harufu kama maji yaliyokaa kwenye chombo cha maua. Na nilikuwa nimeshapaka asubuhi ile. Nikatoka vipele shingoni vikakaa wiki nzima. Asali haizuii ukishaichanganya na maji mengi, usidanganyike, na friji inachelewesha tu.

Tuanze na ile ya bei rahisi. Saga oti za uji, zile tupu zisizo na sukari wala vanila, kwenye blenda kavu mpaka ziwe laini kama unga wa ngano, chekecha na chujio la chai, kile kinachobaki juu saga tena. Changanya vijiko vinne vya oti na kijiko kimoja cha unga wa dengu, ule wa bajia, hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Wakati wa kunawa chukua kijiko cha chai kwenye kiganja, tia maji matone machache mpaka iwe kama uji mzito, paka uso uliolowa, zungusha taratibu, suuza. Unachanganya cha mara moja tu, hamna cha kubakiza. Oti zina vitu vinavyosafisha kidogo na kutuliza ngozi, na hazina ugomvi na maji magumu. Kosa moja tu, usiingize kijiko chenye maji kwenye kopo. Hii inamtosha mtu asiyepaka make up wala sanskrini ya kukinga jua, ila kwa aliyepaka haitoi vizuri, hapo ndo unaanza na mafuta ya alizeti kwanza. Huku kwetu alizeti tunayo kibao, Kongwa, Mpwapwa, Singida kote wanakamua, chukua kichupa kidogo cha yaliyokamuliwa karibuni, paka uso mkavu, sugua kwa vidole dakika moja, futa na kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu, ndo unanawa. Mafuta ya alizeti yanachacha haraka kwenye jua na joto, hivyo nunua kidogo, weka kabatini, yakinuka kama karanga za zamani pikia sabuni usipake.

Sasa hii ya maji, ambayo ndo mdogo wangu anatumia mpaka leo na ndo nataka niielezee vizuri. Siri yake ni kwamba haitumii sabuni kabisa. Inatumia visafishaji laini viwili, kimoja kinaitwa koko glukosaidi, kinatokana na sukari na mafuta ya nazi, kingine betaini ya nazi. Hivi havigandi na maji magumu kama sabuni inavyoganda, na pH yake unaweza kuishusha mpaka ifanane na ya ngozi, sabuni ukiishusha inaharibika. Vinapatikana kwa wauza malighafi za vipodozi, wengi wako Dar wanatuma kwa basi. Usiende kwenye duka la malighafi za sabuni za maji ukapewa sulfoniki na slesi zile za vikundi ukaambiwa ni kitu kilekile. Sio kitu kilekile, zile wanaziuza hasa kwa sabuni za vyombo na sakafu.

Kwa gramu 100, kwa mzani, maji gramu 67, koko glukosaidi 10, betaini 15, gliserini 4 ile ya famasi, zanthani gam 1 ya kutia uzito, kihifadhi 1, na zile 2 zilizobaki ni za maji yaliyoyeyushwa asidi ya sitriki, ile tindikali ya unga, ya kurekebishia pH. Nasema gramu sio vijiko kwa sababu kijiko changu na chako sio sawa na kihifadhi kikizidi kinawasha, kikipungua mzigo unaoza. Mzani mdogo wa kidijitali unaosoma nukta ya gramu unatosha. Kwa kihifadhi mi natumia ule mchanganyiko wenye fenoksiethanoli, unawekwa asilimia 1 na usizidishe. Kuna wanaotumia sodiamu benzoeti ya kwenye juisi peke yake, hiyo nguvu yake kubwa ni kwenye fangasi na inataka pH iwe chini ya 5, kwa anayeanza sikushauri.

Maji yawe ya kunywa ya dukani, yachemshe yapoe ukiwa umeyafunika. Sio ya kisima kwa sababu tumeshaona yalivyo, na tafadhali sana sio yale wanayouza kwa ajili ya betri, huwezi kuwa na uhakika kama kilichomo ni maji matupu au asidi. Osha vyombo, suuza, vipulizie spiriti ile ya asilimia 70 ya famasi, acha vikauke vyenyewe bila kufuta na taulo.

Kwenye kibakuli kikavu weka gliserini, nyunyiza zanthani juu yake, koroga mpaka iwe kama ute bila punje kavu. Hapa usiruke, ukimwaga zanthani moja kwa moja kwenye maji inafanya mabonge yana utelezi nje na unga mkavu ndani, unaweza kukoroga mpaka adhana ya alasiri na hayavunjiki. Ukishapata ule ute mimina kwenye maji huku unakoroga, acha dakika 15 au 20 inywe maji, utaona inakuwa nzito kama uji mwepesi wa ulezi. Ndo unatia betaini, alafu koko glukosaidi. Asubuhi za mwezi wa saba utakuta glukosaidi imeganda nyeupe kama mafuta ya nazi, haijaharibika, weka kopo lake kwenye bakuli la maji ya moto italegea. Kuanzia hapa koroga polepole na kijiko, usitumie mashine, utapata ndoo ya povu badala ya sabuni. Tia kihifadhi, koroga dakika mbili tatu.

Sasa pH, na hapa ndo wengi wanaharibu kwa kuruka. Koko glukosaidi ikitoka kwenye kopo ina alikali kali, inafika 11 na zaidi, yaani ukiishia hapa umetengeneza kitu kikali kuliko sabuni ya mche uliyoikimbia. Nunua karatasi za pH zenye rangi nyingi na namba zake, litimasi ile ya shuleni inakwambia tu asidi au alikali haikwambii ngapi. Chukua gramu 1 ya ulichotengeneza, changanya na gramu 9 za maji yaliyochemshwa, chovya karatasi, linganisha rangi mchana dirishani sio usiku chini ya taa ya njano. Alafu yeyusha gramu 2 za sitriki kwenye gramu 8 za maji, tia matone matano, koroga, pima, tia mengine matano, koroga, pima. Unatafuta 5 mpaka 5.5. Mara ya kwanza mdogo wangu ndo alikuwa anatia matone, tulianza karatasi ikiwa ya kijani ya bluu, ikaja kijani ya majani, ikaja njano, karatasi tisa zimepangwa kwenye sahani tukizilinganisha na kopo, na alivyoona rangi imefika akaiweka karatasi ile kwenye daftari lake. Ukizidisha ikashuka chini ya 4.5 ongeza glukosaidi kidogo itapanda. Zile gramu 2 za maji ya sitriki za kwenye hesabu zisipoisha, jazia maji kufidia zilizobaki.

Funika usiku kucha povu litulie, kesho yake weka kwenye chupa ya pampu. Ya mdomo mpana hapana, kila kidole kinachoingia kinaingia na wadudu wake. Andika tarehe. Kwa joto letu mi naitumia wiki sita tu hata kama haijaisha, na ikibadilika harufu, rangi, au ikajitenga, namwaga hata kama ni ya wiki moja. Kabla ya kuipaka uso wote paka kidogo nyuma ya sikio siku mbili mfululizo, ukiwashwa au kukawa kwekundu usiendelee.

Usitie limau. Najua linasifiwa kila kona. Juisi yake ina pH ya 2 hivi na ina vitu vinavyochoma ngozi ukipigwa jua, na jua la Dodoma unalijua. Kuna binti jirani alipaka limau na sukari asubuhi akaenda shamba la zabibu la wazazi wake, jioni mashavu yanawaka, na baadaye yakabaki mabaka meusi miezi. Magadi soda nayo hapana, ni alikali. Dawa ya meno hapana. Mafuta ya manukato hata yale wanayosema ni asilia mi siweki, uso hauhitaji kunukia. Alovera ukiipenda sana nunua iliyotengenezwa tayari, ile ya uani ina ute wa njano chini ya ganda unawasha. Na mdogo wangu aliniuliza kuhusu liwa ya kwao pwani, nikamwambia apake tu kama anavyopenda siku moja moja, ila liwa haiondoi sanskrini na mafuta.

Kunawa kwenyewe, jioni tu ukirudi, asubuhi maji matupu yanatosha. Pampu moja, maji yasiwe ya moto, sekunde 30 au 40 kwa vidole, dodoki liache kwa ajili ya miguu. Suuza vizuri, kama unaweza kumalizia na kikombe kimoja cha maji ya dukani au ya mvua ni bora zaidi, gandamiza na taulo bila kusugua, na ngozi ikiwa bado ina unyevu paka losheni au mafuta yako palepale. Povu litakuwa dogo kuliko ulilozoea. Usiongeze pampu ya pili kwa sababu hiyo, povu dogo halimaanishi haijasafisha.

Hii haitibu chunusi kubwa, ukurutu wala mba wa uso, ukiwa na vidonda au mabaka nenda kwa daktari wa ngozi. Na kama watu wataanza kukuomba uwauzie, jua kwamba vipodozi vya kuuza vinasajiliwa TBS, shirika la viwango, usiwape majirani kwa hela kabla hujafuata utaratibu. Mdogo wangu wenzake wa hosteli waliomba, tukawaita Jumamosi moja waje na chupa zao na kila mtu apime za kwake mwenyewe kwenye mzani, wanne mezani na bakuli moja la spiriti katikati.