SOMO: Kumzoesha rafiki mwoga nyoka unayemfuga, hatua kwa hatua

Wakuu, habari zenu. Swali ni lile lile kila wiki: "Rafiki yangu anakuja, anaogopa nyoka, nifanyeje?" Nimelijibu vipande vipande hadi nimechoka, kwa hiyo leo naliweka lote hapa. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Ninaongea na tunaofuga ughaibuni, nyoka wasio na sumu ambao sheria za huku zinawaruhusu: nyoka wa mahindi kutoka kusini-mashariki mwa Marekani, na yule chatu mfupi wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa. Mlioko Kenya, kufuga nyoka bila leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa. Tanzania nako kuna vibali vya wanyamapori. Usianze na mnyama huna kibali chake.

Hofu ya mtu wetu ina sababu. Amekulia mahali penye koboko, swila na kifutu, na pengine amemzika jirani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ukimcheka, umemaliza kazi kabla hujaianza.

1. Mwambie kabla hajafika. Ajue kuna nyoka, yuko chumba gani, na kasha linafungwa kwa kufuli.

2. Chagua siku. Zipite saa 48 tangu nyoka ale, na isiwe siku yake ya kula. Macho yakiwa na ukungu wa buluu na ngozi imefifia, yuko karibu kujivua gamba: haoni vizuri na hushtuka upesi. Ahirisha. Tumia nyoka mzima aliyezoea kushikwa, kwa sababu vitoto huogopa kila kitu na hurukia mkono.

3. Naweni mikono kwa sabuni, wote wawili. Mkono unaonukia kuku au samaki unaweza kudhaniwa chakula.

4. Mkubaliane namba. Hofu ni 0 hadi 10, na yeye ndiye anayeitaja. Ikivuka 7, mnarudi hatua moja nyuma na kukaa hapo mpaka ishuke hadi 3 au 4. Usimwache akimbie nje akiwa kwenye 9 kisha mkaishia hapo, maana atabaki na kumbukumbu kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Lakini usimzuie mlangoni. Mlango ubaki wazi muda wote, na alione hilo.

5. Aangalie kupitia kioo. Umbali achague yeye. Mweleze anachokiona: nyoka hana kope, kwa hiyo kile anachodhani ni kukodolewa macho si hasira. Ulimi wenye panda hauchomi. Unakusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa. Ulimi unaotoka taratibu maana yake nyoka anachunguza. Cha kuogopa ni shingo iliyokunjwa kama herufi S, mwili kukakamaa na kupuliza. Ukiona hivyo, funga kasha.

6. Akuone wewe ukimshika. Mtoe nyoka kwa kumwinua kutoka ubavuni, mikono miwili chini ya mwili. Mkono unaoshuka kutoka juu kwake ni mwewe. Rafiki akae upande wa pili wa chumba, nawe usimsogelee. Akitaka, aje mwenyewe.

7. Mguso wa kwanza. Hapa ndipo nilipoharibu mwanzoni, na ndipo wengi wenu mnapoharibu. Kosa ni kusimama na kumpelekea mtu nyoka. Mtu akishtuka, mikono yake hurusha kilichomo, na nyoka akianguka kutoka kimo cha kifua anaweza kuumia vibaya. Kaeni sakafuni, au kwenye kochi pana. Wewe shika theluthi ya mbele ya nyoka, kichwa kikitazama upande wako, kiganja chako kikiwa kati ya kichwa na rafiki. Usimkabe shingo: nyoka aliyekabwa hupapatika, na rafiki akiona anapapatika namba inapanda papo hapo. Katikati na nyuma ya mwili vilale mapajani mwako. Sasa nyamaza, usubiri. Mkono wa rafiki ndio unaomwendea nyoka, si nyoka anayeuendea mkono. Aguse kwa vidole viwili, nyuma ya katikati, akielekea mkiani, sekunde 2 au 3, kisha auondoe mkono. Arudie mara tano, sita. Wengi hutarajia utelezi, wakakuta ngozi kavu, laini, na misuli inayosukuma chini yake. Msukumo huo ndio unaowashtua zaidi ya magamba, kwa hiyo mtajie kabla hajagusa.

Maonyo ya hatua hii: hakuna simu ya kupiga picha, hakuna mtu wa tatu anayeshangilia, hakuna "mbona fulani alimshika?" Na nyoka akigeuza kichwa kumwelekea rafiki, mzungushe nyoka taratibu huku ukisema kwa sauti unachofanya.

8. Kumshika. Siku nyingine, si lazima leo. Nusu ya nyuma kwenye mapaja yake, nusu ya mbele kwako. Dakika 5 zinatosha. Kumweka shingoni hapana.

9. Rudisha, funga, mwonyeshe kufuli, naweni tena.

---

Baharia_Rotterdam: Mkuu, somo refu. Nikimwekea tu begani bila kumwambia hatazoea kwa mkupuo?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 1 na ya 7.

Baharia_Rotterdam: Ni utani tu kati ya marafiki.

Jibu: Rafiki anaweza kuanguka, nyoka anaweza kuvunjika mbavu, na huyo mtu hatakuja kwako tena. Sitalijibu tena hili.

Dada Mwanaisha: Asante sana kwa somo. Naomba kuelewa: kwa nini kukuona wewe ukimshika kunanisaidia mimi? Si ningeweza kutazama video nyumbani?

Jibu: Swali zuri, dada yangu. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwachukua watu wanaoogopa nyoka, wakalinganisha njia mbalimbali, zikiwemo filamu na kumtazama mtu halisi kisha kushiriki naye hatua kwa hatua. Hiyo ya kushiriki ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Video inakuonyesha nyoka. Haikupi nafasi ya kunyoosha mkono wako mwenyewe ukaona hakuna kilichotokea. Ndiyo maana katika hatua ya 7 nasisitiza mkono uwe wake.

Dada Mwanaisha: Na yule asiyeweza hata kuingia kwenye chumba? Mdogo wangu akiona picha tu anatetemeka.

Jibu: Huyo usimjaribu wewe, mpeleke kwa mtaalamu wa saikolojia. Mwanasaikolojia Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza mwaka 1989 tiba ya kikao kimoja, hadi saa 3, kwa hofu za namna hii, na inatumika mpaka leo. Kwa sasa funika kasha kwa shuka akija kwako, na usimtajie nyoka mezani.

KijanaWaPangani: Akiuma?

Jibu: Usivute. Meno yamepinda kuelekea nyuma, ukivuta unajichana mwenyewe na unamvunja meno. Mara nyingi huachia mara moja. Asipoachia, mwagia maji baridi puani mwake. Kidonda osha kwa sabuni na maji mengi, na hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Mama Nuru: Mimi nina njia yangu: nampa mgeni gamba alilojivua nyoka. Analishika, anaona michirizi, hata vifuniko vya macho vimo. Akishalizoea gamba, mguso unakuwa rahisi.

Jibu: Mama, hiyo naiongeza kama hatua ya 5 na nusu. Shikamoo, na asante. Liwe kavu na safi, na mikono ioshwe baada yake pia.

Mama Nuru: Marahaba mwanangu. Na wajukuu?

Jibu: Walio chini ya miaka 5 waishie kwenye kioo, pamoja na wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu. Nyoka mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuharisha. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Mzee wa Bujumbura: Shangazi yangu amekuja kutoka nyumbani, anasema hakuna mtu mwema anayelala nyumba moja na nyoka. Anadhani nimeingia kwenye mambo.

Jibu: Usibishane naye kuhusu uchawi, mzee wangu, hamtaafikiana. Mwonyeshe kazi: risiti ya dukani, themostati (kifaa cha kudhibiti joto la kasha), daftari la tarehe za kula. Mchawi haandiki kwamba panya wa Jumanne hakuliwa. Asipotaka kuingia chumbani, mwache, na kifunge kwa ufunguo kwa muda wote wa ziara yake.

Tausi_Leeds: Chatu au nyoka wa mahindi kwa mgeni mwoga?

Jibu: Nyoka wa mahindi ni mwembamba lakini hukimbia ghafla, na ghafla ndiyo inayotisha. Chatu huyu hutulia. Tatizo lake ni jina: ukitamka "chatu" mtu wa kwetu anamwona yule mkubwa anayemeza mbuzi. Mwambie mapema kwamba huyu mzima huwa kati ya mita 1 na mita 1 na nusu.

Tausi_Leeds: Amefika hatua ya 8! Mwezi ujao anakwenda Morogoro likizo, anasema sasa haogopi tena.

Jibu: Hongera kwenu wawili. Ila kabla hajapanda ndege kaa naye chini. Alichozoea ni nyoka wako, mmoja, anayemjua. Huko asiguse nyoka yeyote, hata anayeonekana amekufa. Akikutana naye asimame, arudi nyuma taratibu, amwachie njia. Usiku atembee na tochi na viatu vilivyofunika mguu. Akiumwa, asichanje, asinyonye, asifunge kamba. Atulize kiungo kilichoumwa na apelekwe hospitali mara moja.