Kuchanganya samaki wa Tanganyika kwenye tangi moja la nyumbani Kigoma

Samaki wengi wa mapambo wanaofia majumbani Kigoma hawauliwi na maji. Maji tunayo, na ni yale yale waliyozaliwa ndani yake. Wanauliwa na dhana kwamba waliotoka ziwa moja wanaweza kupanga chumba kimoja. Ziwani kila aina ina mtaa wake: wapo wa mchangani, wapo wa kwenye nyufa za mawe, wapo wa maji ya juu. Anayeshindwa ugomvi huogelea mita tano, na kesi imekwisha. Kwenye kioo cha sentimita 120 hana pa kukimbilia, kwa hiyo mitaa hiyo uijenge wewe kabla hujanunua samaki hata mmoja.

Hatua ya 1: Tangi

Urefu ni muhimu kuliko kimo, kwa sababu samaki hawa hugombea sakafu. Mwambie fundi vioo akukatie sentimita 120 kwa 45, kimo 50, kioo cha milimita 10. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni yenye dawa huua samaki polepole na hutajua kwa nini. Iache ikauke siku saba, kisha jaza maji nje ya nyumba kwa siku mbili uone kama linavuja.

Likijaa maji, mawe na mchanga litakuwa na karibu kilo 350. Kabati la televisheni haliwezi. Tengeneza meza ya chuma au mbao nene, juu yake laza shiti ya foam nyeupe ya sentimita 2 ili kioo kisikalie kokoto. Liweke mbali na dirisha la jua la mchana.

Hatua ya 2: Mawe kwanza, mchanga baadaye

Wengi hugeuza mpangilio huu. Samaki wa mchangani huchimba usiku na mchana. Jiwe lililokalia mchanga huporomoka siku wakifika chini yake, na linaweza kupasua kioo. Mawe makubwa yakae juu ya kitako cha tangi, chini yake kipande cha plastiki laini, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka.

Upande mmoja, kama theluthi ya urefu, panga mawe mpaka sentimita 35, yenye nyufa nyembamba nyingi. Katikati acha wazi. Upande wa pili tandaza mchanga laini wa ziwa wa sentimita 5, uliooshwa hadi maji yatoke meupe, na juu yake magamba matupu ya konokono, matatu kwa kila samaki wa magambani. Gamba la Neothauma, konokono wa ziwa hili, ndilo lao la asili. Yachemshe dakika kumi na uyasuuze vizuri. Moja lenye nyama iliyooza ndani linachafua tangi zima.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya Tanganyika ni magumu na yana pH (kipimo cha uasidi wa maji; ikishuka, uasidi umezidi) kati ya 8.6 na 9.2. Ukichota ziwani, kaa mbali na mialo kama Kibirizi, ambako mafuta ya injini huelea. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikipuliza. Maji ya mvua ya kwenye bati usiyatumie kabisa: hayana madini, na pH itashuka.

Aliye Tabora ana kazi ya ziada. Maji yanayovutwa kutoka Ziwa Victoria ni laini mno kwa samaki hawa. Kwa kila lita 50 yeyusha kwenye ndoo vijiko viwili vya chai vya baking soda (si baking powder, hizo ni vitu viwili) na kimoja cha chumvi ya Epsom, kisha pima pH kesho yake. Fanya hivyo kila unapobadilisha maji, kwa kipimo kile kile.

Joto la nyuzi 24 hadi 27 linatosha. Kigoma hita si lazima katika nyumba nyingi. Tabora, usiku wa Juni na Julai, utaihitaji.

Hatua ya 4: Kukomaza tangi

Weka vichujio viwili vya sponji vinavyoendeshwa na pampu ya hewa, au kimoja cha umeme cha lita 1,000 kwa saa. Tupia chakula kidogo kila siku, bila samaki, na usubiri wiki nne hadi sita. Bakteria watajenga makazi kwenye sponji: kundi la kwanza hugeuza amonia, sumu inayotoka kwenye chakula kilichooza na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti. Pima kwa vipimo vya matone. Amonia na nitriti zikisoma sifuri huku nitreti ikipanda, tangi limekomaa. Sponji chafu kutoka tangi la jirani hufupisha muda huo.

Usidanganywe na wanaofuga samaki wa aina nyingine wanaosema amonia kidogo haidhuru. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia unayoipima. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kipimo kile kile ambacho kambale wa maji laini anakivumilia, hapa kinaua.

Hatua ya 5: Wapangaji

Majina ya kisayansi ndiyo yanayotumika kwenye biashara, na yatakuepusha na kuuziwa kitu kingine. Kwa tangi hili:

Mchangani: Neolamprologus brevis, jozi mbili. Dume na jike hulala gamba moja, na eneo lao ni dogo. Acha sentimita 25 kati ya jozi.

Kwenye mawe: jozi moja ya Julidochromis marlieri, na Altolamprologus compressiceps mmoja. Usiweke aina mbili za Julidochromis, watazaliana na kukupa machotara. Jozi ikishatulia, usiguse mawe yake; ukiyapanga upya huenda wakaachana na mmoja akauawa.

Juu: Cyprichromis leptosoma kumi hadi kumi na wawili, madume watatu au wanne. Wakiwa wachache hujificha. Huruka sana, kwa hiyo funika tangi lote, hata pale panapopita mpira wa hewa.

Sasa wale utakaoshawishika kuwanunua. Tropheus duboisi mchanga, mweusi mwenye madoa meupe, ni mzuri kuliko wote, lakini ni mla mwani: chakula cha protini nyingi humvimbisha tumbo, na anataka kundi la kumi na tano au zaidi kwenye tangi lao. Frontosa wa Kigoma mwenye mistari saba hupita sentimita 30, na ziwani huwinda hao hao Cyprichromis wakiwa wamelala. Neolamprologus brichardi ni mpole mpaka azae. Baada ya hapo ukoo mzima, watoto wakubwa wakiwa walinzi, utawasukuma wengine wote kwenye kona moja.

Nunua kwa mwenye leseni ya samaki wa mapambo, na usivue ndani ya maji ya Hifadhi ya Gombe.

Hatua ya 6: Kuwaingiza

Mnyonge aingie kwanza. Brevis, baada ya wiki moja Cyprichromis, kisha compressiceps, mwisho Julidochromis. Ukianza na Julidochromis atadai tangi zima.

Mfuko uelee dakika 20 joto lilingane, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika kumi, mara nne. Lakini waliosafiri usiku kucha, mathalani kwa treni hadi Tabora, usiwafanyie hivyo. Hewa chafu ya mfukoni imeshusha pH na kuipoza amonia. Ukiwamiminia maji ya pH 9 sumu inaamka humo humo. Linganisha joto tu, wavue kwa wavu, watie tangini. Maji ya mfuko mwaga nje. Zima taa mpaka asubuhi.

Hatua ya 7: Kila siku, kila wiki

Lisha mara mbili, kiasi kinachoisha kwa dakika mbili. Nyama ya ng'ombe hapana. Dagaa mkavu aliyetwangwa na kuchekechwa anafaa mara moja moja. Akizidi mafuta yake hutanda juu. Kila wiki badilisha robo ya maji, na sponji ioshwe kwenye ndoo ya maji ya tangi, kamwe si bombani.

Umeme ukikatika, pampu ya betri iwe karibu. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, suuza kichujio kabla hakijawashwa, maana kilichokufa ndani kitamwagikia samaki.

Ukiona mmoja amejibanza kona ya juu, mapezi yamechanika, usingoje kesho. Mtoe siku hiyo hiyo. Samaki aliyefukuzwa kwenye mawe hapewi tena nafasi, na akiondoka angalia anayefuata kubanwa: kama naye anabanwa haraka, punguza mkorofi, si mnyonge.